Siku Walipotaka Kufukua Mguu Wangu

Nitaanza na waliokuwepo, kwa sababu hapa kwetu Bahati kuna watu wanaosimulia habari hii kama waliiona kwa macho, na hawakuwepo. Tulikuwa watu sita. Alikuwepo Kamau, kifungua mimba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kaptembwo, ambaye alifika asubuhi hiyo bado amevaa ovaroli ya kazi. Alikuwepo Njoki, mke wake, aliyesimama mbali karibu na zizi, leso mdomoni. Alikuwepo Wambui, binti yangu anayemfuata Kamau, ambaye nilikuwa nakaa naye na ndiye aliyekuwa ananiuguza. Alikuwepo Tabitha, dada ya marehemu mume wangu Njoroge. Watoto humwita Tata, yaani shangazi, na alikuwa ametoka Elburgon siku mbili kabla na nusu gunia la viazi. Alikuwepo Koskei, jirani yetu wa upande wa juu tangu tulipohamia shamba hili, na ndiye aliyeshika jembe. Wa sita ni mimi, Wairimu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, natazama shimo likichimbwa kando ya kaburi la mume wangu. Ndani ya shimo hilo kulikuwa na mguu wangu wa kulia.

Najua ukisoma hapo utasimama kidogo. Hata mimi nikikumbuka husimama. Mtu amekaa kwenye kiti, ana akili zake, amekunywa chai yake, anangoja kiungo chake kitolewe ardhini. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu peke yake, lakini Nesi Jerotich wa kliniki ya vidonda aliniambia niandike kwa ajili ya wale wanaokaa benchi la Jumanne, wenye sukari kama mimi, na nimeandika jinsi ninavyoongea. Mambo ya dawa mwulize daktari. Mimi nitasema kilichonipata.

Sukari nilikuwa nayo miaka mingi. Tembe nilikuwa nameza nikikumbuka, na siku za kazi nyingi sikumbuki. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, tunavuna mahindi. Nilikanyaga kisiki cha bua kikapita kwenye gambuti, mimi sina habari. Nilivuna mpaka jioni. Nilipovua gambuti soksi ilikuwa imejaa damu, na Wambui akashika kichwa. Mimi nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilisema, ona, hata hakiumi, hiki ni kidogo. Nyinyi wenye sukari, mkiona kidonda hakiumi, muogope hapo hapo.

Mama yangu, Gathoni, alitutibu vidonda kwa maji moto na chumvi. Alikuwa akituambia maji yawe moto mpaka mguu ukatae, halafu uongeze baridi kidogo, uingize tena. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi sote, na sijui nyumba hapa ambayo haikufanya hivyo. Siku ya nne ya kidonda Wambui aliniletea sufuria ya maji kutoka jikoni, yanachemka, akaweka beseni na mtungi wa maji baridi kando. Akasema, "Mama, changanya kwanza." Akatoka kwenda kwa ng'ombe. Alipofika mlangoni akarudi tena kusema, "Uchanganye, Mama." Nikamwambia aende, nilikuwa naosha vidonda kabla yeye hajazaliwa.

Nilimwaga ya moto peke yake. Niliweka chumvi. Niliingiza mguu, nikangoja ukatae. Haukukataa. Nikafikiri moto wetu siku hizi hauna nguvu, labda ni kuni mbichi. Nilikaa nachambua maharagwe mguu ukiwa ndani.

Wambui aliporudi alisimama mlangoni, ndoo ya maziwa mkononi. "Mama, hayo maji yanatoa moshi."

Nilitoa mguu. Ngozi ya kisigino haikuja nao. Ilibaki ndani ya beseni, nyeupe, kama kitambaa kilichoachwa kwenye maji ya kufulia. Sikusikia chochote. Mpaka leo, katika yote yaliyonipata, hakuna kilichonitisha kuliko hicho, kuona mwili wangu unaungua kama wa mtu mwingine.

Sasa nifike kwa jambo ambalo ndilo hasa lilinifanya nikubali kuandika. Kamau alikuja kesho yake, ameshasikia kwamba nimeungua na maji. Aliangalia mguu, uso ukabadilika, akauliza, "Nani aliweka hayo maji?" Sauti ilikuwa ya baba yake kabisa. Mimi, mama mzima, niliogopa. Niliona aibu kwamba mimi ninayejua kila kitu nimejipika mguu kama viazi. Nikasema, "Wambui ndiye aliyaleta."

Ukiyapima maneno hayo utaona ni ya kweli. Wambui ndiye aliyaleta. Lakini niliyatuma yaende kufanya kazi ya uongo na yalienda. Kamau alimgeukia dada yake. "Wewe hata kuonja maji kwa mkono huwezi? Huyu si mtoto, huyu ni mgonjwa." Wambui aliniangalia. Nilikuwa na nafasi hapo, nafasi kubwa kama mlango. Nikaangalia maharagwe.

Kutoka siku hiyo ikawa hivyo. Njoki aliisikia kwa Kamau. Tabitha aliisikia kwa simu kule Elburgon. Akina mama wa kanisa walipokuja kuniona walisikia kutoka kwangu mwenyewe, kwa sababu ukishasema kitu mara moja, mara ya pili kinatoka peke yake. Hata Nesi Jerotich aliponiuliza nilivyoungua, akiandika kwenye faili, nilimwambia ni msichana wangu, maji yalikuwa moto sana. Wambui alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika viatu vyangu.

Benchi la Jumanne mnalijua. Unafika mapema, unaacha kitabu chako cha kliniki kwa dirisha, unakaa, unasogea, unasogea tena. Mguu wangu ulikuwa umeanza kunuka. Mwanamume mmoja aliyekaa karibu yangu aliinuka akaenda kusimama ukutani. Nilitamani kufa. Mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu, hana miguu yote miwili, akamwita kwa sauti, "Boss, rudi ukae, hii haiambukizi. Na wewe wako si marashi." Watu wakacheka, na yule mwanamume akarudi, akacheka pia, akaniomba msamaha. Mama huyo anaitwa Rael, anatoka Njoro. Alinipa peremende nishike chini ya pua. Alisema, "Harufu yako mwenyewe ndiyo mbaya zaidi, nyingine unazoea."

Kidole kidogo kiligeuka cheusi wiki hiyo. Wiki iliyofuata ni kile jirani yake. Halafu weusi ukaanza kupanda kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo. Daktari Achieng, msichana mdogo, sauti ya chini, akaniambia mguu lazima ukatwe chini ya goti.

Nikakataa. Nilimwuliza kitu ambacho kilinikaa rohoni, msinicheke. Nilimwuliza, "Daktari, siku ya ufufuo nitainuka aje na mguu mmoja?"

Hakucheka. Alisema, "Shosho, ya ufufuo sijui. Najua sumu ikifika goti nitakata hapa," akanigusa paja, "na ikifika hapa sitakuwa na mahali pa kukata."

Nilirudi nyumbani na mguu wangu. Wiki mbili nilikataa. Niliogopa kuwa vipande. Niliogopa mguu utupwe pale hospitali na takataka, halafu mimi nizikwe huku kando ya Njoroge, tutafutane. Homa ikaja. Nikawa naongea na mama yangu Gathoni mchana kweupe. Kamau alilia mbele yangu, na sijamwona akilia tangu tumzike baba yake. Akasema, "Mathe, nitaomba hospitali wanipe. Nitauleta nyumbani. Tutauzika pale pale mahali pako, ukutangulie." Hapo nikakubali. Niliandika jina langu mwenyewe kwenye karatasi, herufi kubwa kubwa.

Siku niliyoamka wodini niliangalia blanketi. Upande mmoja lilikuwa limeinuka na upande wa pili lilikuwa limelala tambarare kitandani. Nilitazama hapo sijui muda gani. Nilikuwa nimekubali, nilikuwa nimeweka sahihi, na bado nilishangaa kama mtu aliyeibiwa. Halafu kidole kikubwa cha mguu huo kikaanza kuwasha. Nikainama kukikuna, nikakuna shuka.

Jinsi ulivyozikwa niliambiwa na Kamau. Walimpa ukiwa umefungwa vizuri kwa kitambaa, na karatasi ya ruhusa. Aliuweka kwenye katoni, akauleta Bahati kwa pikapu ya rafiki yake. Wambui alifungua kile kitambaa, kwa mikono yake, akaona vile vidole vyeusi, akasema kule chini kuna baridi. Akaleta soksi yangu ya sufu, ile ninayovaa kanisani wakati wa baridi, akauvalisha. Kamau aliomba kidogo. Koskei alichimba, na alipomaliza kufunika akasema, "Huyu mama ametuma mzigo mbele, sasa mwenyewe asiwe na haraka." Nilipoambiwa hayo nilicheka mpaka mshono ukavuta.

Nilirudi nyumbani kabla ya Krismasi. Nilifikiri yaliyo mabaya yamekwisha.

Januari ilikuwa kavu, vumbi mpaka kwenye vikombe. Ndipo maumivu yalipokuja, na hapa ndipo nataka wale waliokatwa wanisikie, kwa sababu mimi sikuwa nimeambiwa na nilifikiri nimerukwa na akili. Mguu ambao haupo uliniuma. Haukuuma kwenye kidonda, kidonda kilikuwa kinapona vizuri. Uliuma chini, kwenye kisigino, kwenye vidole, mahali ambapo kulikuwa na hewa. Na uchungu wenyewe ulikuwa wa maji moto. Yale maji ambayo sikuyasikia mwezi wa kumi na moja niliyasikia mwezi wa kwanza, kila siku, kisigino kiko kwenye beseni na siwezi kukitoa.

Nilibadilika. Nilikuwa mtu wa kuimba nikipika, nikawa sisemi. Uji ukiletwa nasema ni wa moto, ukipoa nasema ni baridi. Wambui alikuwa amefunga kibanda chake cha mitumba sokoni ili aniuguze, na mimi nilimtupia kikombe. Kilimpata begani. Hakusema kitu, aliokota vipande. Na kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyomchukia, nisamehewe, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua. Kila aliponiosha nilikuwa namwona shahidi.

Nilimwambia Rael kwenye benchi, Februari, kwamba mguu uliozikwa unaniuma. Nilifikiri atanishangaa.

"Mimi yangu yote miwili," akasema. "Wa kushoto una adabu, wa kulia ni mlevi. Zamani nilikuwa nagombana nao. Nikigombana nao unaniuma mara mbili, mara moja ni mguu, mara ya pili ni mimi."

"Na sasa?"

"Sasa ukija nasema, umekuja. Naendelea na sukumawiki yangu."

Nilimkasirikia. Nilimwambia ni rahisi kwake kuongea. Akasema, "Mama Kamau, angalia kiti changu halafu urudie hayo." Nikageuka nikatazama dirisha mpaka jina langu likaitwa.

Mwezi wa tatu watu walikuwa wanalima wakingoja mvua. Tabitha alikuja. Yeye ni mtu wa kutafuta sababu, huyo ni wifi yangu na nampenda, lakini jambo lisilo na mwenye kosa halimkai tumboni. Alinisikiliza nikililia kisigino mchana kutwa, kisha akasema kwamba kule Elburgon kuna mtu wa kiwanda cha mbao, Waweru, ambaye msumeno ulimkata vidole viwili. Vidole vilizikwa vimekunjwa kwenye kitambaa, na vikamwuma mwaka mzima mpaka vilipofukuliwa vikanyooshwa.

"Mguu wako ulizikwa na nini?" akaniuliza.

"Na soksi."

"Soksi gani?"

"Ile ya sufu."

Akapiga makofi ya mshangao, polepole, mara tatu. "Soksi ya sufu inabana. Vidole vimekunjamana mle ndani. Nani aliuvalisha?"

Watu walimwangalia Wambui, aliyekuwa anapepeta mchele. Tabitha akasema, "Kwanza maji. Sasa soksi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejumlisha.

Nilikuwa nimekaa hapo. Sikufungua mdomo.

Wambui aliweka ungo chini. Alimwambia Kamau kwenye simu, nikisikia, "Njoo ufanye vile Tata anataka. Baada ya hiyo mimi naenda. Mtafute mtu ambaye hatamuua Mama." Jioni hiyo niliona mfuko wake mlangoni, umefungwa kwa kamba.

Basi ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo. Ardhi ilikuwa ngumu. Koskei alikuja na jembe lake lakini alikuwa hapendi. Alisema, "Kwetu kitu kikishazikwa tunakiacha na wenyewe wa huko." Tabitha akamwambia, "Chimba tu, baba, hatuuli mguu." Kamau alisimama mikono mfukoni. Kila jembe liliposhuka kisigino changu kilishtuka.

Haikuchukua muda. Koskei alisimama, akasema, "Nimefika." Katoni ilikuwa imelainika, imekuwa rangi ya udongo wenyewe. Halafu harufu ikatoka. Sitaieleza. Njoki alikimbilia nyuma ya zizi. Kamau alirudi nyuma hatua mbili, na Koskei akavua kofia, sijui kwa heshima au kwa kujikinga. Nilijua harufu hiyo ni yangu. Niliwaza, huyu ni mimi na mimi niko hapa.

Tabitha alifunika pua, akamwambia Wambui, "Wewe ndiye uliuvalisha soksi, wewe ndiye utaivua."

Wambui alifunga leso juu ya pua. Alikunja mikono ya sweta. Alipiga magoti kwenye ule udongo, akainama, akaanza kuingiza mikono shimoni. Nilimwona kutoka nyuma, shingo yake, na vile alivyogeuza uso kando macho yamefungwa. Mtoto wangu alikuwa anaenda kutia mikono kaburini kwa sababu ya maneno matatu niliyoyasema mimi.

Sijui kama nilikata shauri. Naona kama mdomo ulifunguka wenyewe. Nilisema, "Wambui, toka hapo."

Akasimamisha mikono. Tabitha akasema, "Mwache amalize."

"Toka hapo, mama," nikasema tena. Ndivyo nilivyomwita alipokuwa mdogo. "Soksi haina makosa. Maji niliweka mimi. Aliniletea na baridi, akaniambia nichanganye, sikuchanganya. Niliingiza mguu mwenyewe nikakaa nao."

 Kuku walikuwa wanakwaruza ule udongo mpya. Kamau alisema, "Mathe, unasema nini?"

"Nasema nilidanganya. Kuanzia siku ile mpaka leo."

Kamau alikaa chini pale pale, juu ya udongo, na ovaroli yake. Tabitha alishusha mkono uliokuwa umefunika pua. 

Wambui alikuwa bado amepiga magoti. Alishusha leso. "Nilikuambia uchanganye," akasema.

"Uliniambia."

"Nilikuambia mara mbili. Nilirudi kutoka mlangoni."

"Mara mbili. Ulirudi kutoka mlangoni."

Alinitazama kidogo. Nilingoja alie, au anikumbatie, kama watu wanavyofanya kwenye ushuhuda kanisani. Hakufanya lolote. Aliinuka, akapangusa magoti, akaenda akanawa mikono kwa sabuni kwenye bomba, muda mrefu, akaingia ndani na kufunga mlango.

Koskei akauliza, "Sasa soksi?"

"Wacha ikae," nikasema. "Mguu umekufa, bwana Koskei. Ufunike."

Akafunika. Wengine walienda jikoni, nasikia Njoki akipika chai. Mimi niliwaambia waniache kwenye kiti changu, na hapo ndipo kulitokea jambo ambalo sijui kulieleza na bado linanishangaza kuliko mguu.

Kisigino kiliuma. Sitaki mtu aseme niliponywa pale, sikuponywa. Maji moto yalikuja kama kawaida yake. Lakini nilikuwa nimezoea yakija mimi nakimbia huku na huku ndani ya kichwa, nani ameniletea, kwa nini mimi, Mungu unaniona, Wambui anajua. Siku hiyo yalikuja na hakuna aliyekimbia. Mnajua kinu cha posho kikizimwa pale sokoni, ndipo unapotambua kelele ilikuwa kubwa kiasi gani, na unasikia ndege. Ilikuwa hivyo. Uchungu ulikuwa uchungu tu, wa mguu, mdogo kuliko nilivyodhani. Ule mwingine wote ulikuwa wangu mwenyewe, nilikuwa naukoroga kila siku.

Nimeomba tangu nikiwa msichana, na kila nikiomba nilikuwa naomba kitu. Mvua, karo, Njoroge apone, mguu usikatwe, mguu usiume. Siku hiyo nilifunga macho na sikupata la kuomba. Nilisema, "Ndiyo, Baba." Sikuongeza kitu. Nilishtuka mwenyewe kusikia nimesema hivyo, nikiwa mzee, nimekatwa, nimeaibika mbele ya watoto wangu, na nina furaha. Niliangalia nyuma kama kuna mtu mwingine aliyesema. Jua lilikuwa limenifikia kwenye mguu, ule uliobaki, na niliona uzuri wake, na uzuri wa ule udongo mwekundu Koskei alioupiga kwa jembe ukalainika, na wa pale mahali pangu panaponingoja kando ya Njoroge, sikupaogopa tena. Nikauliza kwa moyo, na ufufuo je? Nikaona kwamba swali halina moto. Aliyenipa mguu anajua ulipo.

Wambui aliondoka siku iliyofuata. Nasema hivyo ili msifikiri kila kitu kilirudi mahali pake. Alichukua chumba karibu na soko, akafungua kibanda chake tena. Njoki alikuja kukaa nami mwezi wa nne na wa tano, mvua ilipokuwa kubwa na magongo yanazama kwenye matope. Nilimkumbuka Wambui mpaka mwilini, kama nilivyokumbuka mguu. Huo nao ulikuwa uchungu, na ukija nilisema, umekuja. Nilimwambia Rael kwamba nimeiba maneno yake. Akasema nisijali, yeye pia aliyaiba.

Mwezi wa sita nilipimwa mguu wa bandia. Mtu wa karakana alisema nije na viatu vya pande zote mbili, vya kisigino kifupi. Siku hiyo nilimkuta Wambui amekaa kwenye benchi kabla yangu, na viatu vyeusi vya kamba kwenye mfuko, vya mitumba, karibu vipya. Nilimwuliza nani alimwambia. Akasema, "Njoki." Halafu akasema, "Kaa, Mama, unaziba njia." Tulikaa mpaka mchana bila kuongea mengi. Akanifunga kamba za viatu, ya mguu ulio wangu na ya ule mwingine, kwa nguvu ile ile. Siku hizi huja Jumapili baada ya kanisa. Kuna Jumapili anacheka na kuna Jumapili hacheki. Sijamwuliza kama amenisamehe. Hiyo ni kazi yake, na sitaki kumharakisha ili mimi nistarehe.

Kazi yangu ilikuwa nyingine. Majina huwa hayanitoki, hiyo ndiyo shule yangu. Nilikaa nikakumbuka wote waliosikia kutoka mdomoni mwangu kwamba Wambui aliniunguza. Walikuwa kumi na wanne. Nilianza na walio karibu, kwa magongo, na wa mbali kwa simu. Nilimwendea Priscilla wa chama cha akina mama, akasema, "Hayo hata nilikuwa nimeyasahau." Nikamwambia Wambui hakuwa ameyasahau. Nilimwendea Mzee Mathenge wa kanisa. Nilimpata Mama Ciru kwenye foleni ya maziwa, nikamwambia mbele ya wote wenye mitungi, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia ule uongo. Nesi Jerotich alitafuta faili yangu, akanionyesha ule mstari, akaandika mwingine chini yake nikiona. Nikifika kwa mlango wa mtu, moyo hupiga, halafu nikishasema naondoka mwepesi kama niliyetua kuni.

Nimeandika haya mahindi yakiwa yamekomaa tena. Kidonda kimepona. Kisigino huja siku za mawingu, hukaa, huenda. Kama nimekosea siku au mwezi, mnisahihishe, Koskei anasema mazishi ya mguu yalikuwa Alhamisi na mimi nasema Jumatano, na inawezekana ni yeye. Lakini kuna moja nawaomba zaidi. Kama wewe unayesoma ulinisikia nikisema Wambui ndiye aliyeniunguza, na sijafika kwako, basi kwenye hesabu yangu kumi na nne si kamili. Niambie jina lako na mahali unakaa. Nitakuja.